Kuzika ni Kazi ya Nani?

Mama yetu alifia hapa Nyarugusu, usiku wa kuamkia Jumanne, saa kumi. Jua lilikuwa bado halijatoka na tayari simu inalia kutoka Marekani. Alikuwa yaya wangu, mtoto wa kwanza wa mama. Sijui nani alimfikishia habari kabla yangu. Siku hizi habari ya kifo inavuka bahari kabla maiti hajafumbwa macho. Yaya hakulia. Alisema tu: "Musimuzike. Muningojee."

Nikamuuliza, tungoje nini? Yeye anafanya kazi ya zamu katika kiwanda cha nyama, na ruhusa ya kuja Afrika hana. Akasema siku yake ya kupumzika ni Jumamosi, kwa hiyo mazishi yawe Jumamosi ili ayaone kwa simu na macho yake yote. Atatuma pesa za sanduku lenye kioo. Atatuma za dawa ya kutunza mwili. Halafu tutafute njia ya kumvusha mama mpaka Baraka, azikwe karibu na mama yake, "kwa sababu yeye mwenyewe aliomba hivyo, na wewe ulikuwa unasikia."

Ni kweli, nilikuwa nasikia. Mama alivuka ziwa Tanganyika mwaka 1996, mimi nikiwa mgongoni na yaya amemshika mkono. Miaka yote aliyoishi kambini alikuwa na valizi moja chini ya kitanda, na ndani yake kitenge ambacho hakuwahi kukivaa. Ukimuuliza, anakujibu: "Hicho ni cha Baraka." Sisi tulijua maana yake.

Lakini mimi ndiye niliyekuwa na mwili ndani ya nyumba. Joto lilikuwa linapanda, wanawake wameshafika, maji yameshachotwa. Yaya akapiga tena, akapiga tena, kila mara sauti iko juu zaidi. Mwishoni akaniambia: "Mimi ndiye mukubwa. Wewe si mwenye kilio." Hapo nilifanya jambo ambalo sijawahi kuliandika. Nilizima simu. Nikaamua moyoni kwamba mama atazikwa Jumatano, yaya atake asitake, na akiwasha simu yake Jumamosi atakuta tumeshamaliza.

Naandika haya kwa sababu naona swali hili linaingia katika kila kilio hapa kwetu. Zamani mtu akifa, watu wake wote walikuwa umbali wa kusikia ngoma. Leo mtoto mmoja yuko Marekani, mwingine Uvira, wa tatu Nairobi, na maiti iko zoni ya nane. Kuzika ni kazi ya nani? Ya mwenye damu, ya mwenye pesa, ya mwanaume mkubwa wa ukoo, au ya yule aliye karibu na maji na sabuni?

Siku ile wazee walikaa chini ya turubai wakazungumza, na nikasikia majibu matatu.

Jibu la kwanza lilitoka kwa mzee wa ukoo wetu aliyetoka zoni nyingine. Alisema desturi ni desturi: mtoto wa kwanza ndiye mwenye kilio, na asipokuwepo neno lake linangojewa. Mwanamke hasemi kaburini. Alisema bila hasira, kama mtu anayesoma sheria aliyoikuta.

Jibu la pili lilitoka kwa vijana. Mmoja aliuliza kwa nini tunabishana. "Mfu hajui kitu. Mumuzike haraka, ile pesa ya sanduku la kioo inunue unga na karo ya watoto." Wazee wengine walimkemea, lakini tusijidanganye, vijana wengi wanawaza hivyo. Nao wana sababu. Wameona rasheni ikipunguzwa, halafu wanaona jeneza la kung'aa linaingia ardhini.

Jibu la tatu lilitoka kwa jirani yetu Mwislamu, ambaye alikuwa amekuja na wanawe kusaidia kuchimba. Alisema kwao kumwosha maiti, kumkafini, kumswalia na kumzika ni fardhi kifaya: ni deni la watu wote wa mahali pale. Wachache wakilitimiza, wote wamesamehewa. Asipopatikana hata mmoja, wote wana dhambi. Na mwili haucheleweshwi. "Deni haliulizi wewe ni mtoto wa ngapi," alisema. "Linauliza nani yupo."

Maneno yake yalinipa nguvu, maana mimi ndiye niliyekuwepo. Niliondoka pale nikijua kwamba nina haki. Tena hoja ya Baraka ilikuwa inajijibu yenyewe. Hapa Tanzania mkimbizi aliye hai akitaka kutoka nje ya kambi anaomba kibali, na aliyekufa hana njia nyepesi kuliko aliye hai. Uweke gari mpaka Kigoma, uweke boti, uweke karatasi za mpakani, halafu uombe kwamba siku hiyo Fizi hakuna risasi. Mama alituachia ombi ambalo hatukuwa na mikono ya kulibeba.

Lakini kuwa na haki siyo mwisho wa mambo. Hilo nililielewa baadaye, na nataka kulieleza polepole.

Magomvi ya namna hii si ya kambini tu. Wenzetu waliosoma Kenya wanaijua kesi ya wakili S.M. Otieno, aliyefariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mke wake, Wambui, alikuwa Mkikuyu na alitaka mume wake azikwe kwenye shamba lao karibu na Nairobi. Ukoo wake wa Kijaluo, Umira Kager, ulisema mtoto wao lazima arudi Siaya, kwenye ardhi ya baba zake. Walikwenda mahakamani, wakatoka, wakarudi. Mwisho mahakama iliupa ukoo mwili. Otieno alizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, siku 154 baada ya kufa. Mjane wake hakwenda.

Watu wengi wakiikumbuka kesi ile wanauliza nani alikuwa na haki, desturi au ndoa. Mimi nabaki kwenye lile neno la mwisho: mjane hakwenda. Mahakama iliulizwa mwili ni wa nani, ikajibu. Haikuulizwa ni nani atabaki bila la kufanya siku ya mazishi, kwa hiyo haikuweza kujibu. Walioshinda walizika, na mtu aliyeishi na marehemu miaka mingi alikaa mbali.

Nitoe mfano mwingine, wa karibu zaidi na sisi. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2,200 upande wa Beni, Butembo na Ituri. Mwili wa aliyekufa kwa Ebola una hatari kubwa kuliko wa mgonjwa anayetembea, kwa hiyo kuosha kulikatazwa, na kugusa kulikatazwa. Zikaja timu zenye mavazi ya plastiki, zikachukua maiti na kuzika. Kitaalamu walikuwa sahihi kabisa. Lakini mara nyingine watu waliwarushia mawe, na wengine walificha maiti zao wakazika usiku.

Watu wa nje walisema ni ujinga. Haukuwa ujinga tu. Fikiria mtu aliyemlea mama yake katika ugonjwa, halafu siku ya mwisho anaambiwa: kaa pale, usifanye kitu. Mikono yake inabaki imening'inia. Somo hili lilikuwa limeshapatikana Afrika Magharibi mwaka 2014, hata utaratibu wa mazishi ukaandikwa upya na kuitwa mazishi salama na yenye heshima. Ugonjwa ulikuwa bado ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba familia ilirudishiwa kazi: kuchagua nguo ya marehemu, kuchimba kaburi, kuomba kwa sauti, kusimama mahali ambapo wanaona. Kumgusa bado haikuruhusiwa, lakini walikuwa na la kufanya. Pale ambapo hili lilifanyika kwa moyo, watu wengi waliacha kupigana na wale wazikaji.

Ndiyo maana nikianza kuhesabu desturi zetu za kilio, nagundua kwamba karibu zote ni mgawanyo wa kazi. Huyu anaosha. Huyu anachimba. Huyu anatafuta kuni. Wajukuu wanachota maji. Wakwe wanaleta mbuzi. Mjomba anaulizwa kama amekubali. Wengine wananyolewa nywele, na hiyo nayo ni kazi, ni kazi ya kichwa. Majirani zetu Warundi hawaachi mpaka mwisho: baada ya siku chache wanafanya "guca ku mazi", halafu baada ya muda mrefu, mara nyingi mwaka mzima, wanafanya "kuganduka", ndipo familia inaruhusiwa kurudi katika maisha. Muda wote huo kila mtu anajua anatakiwa kufanya nini. Huzuni haipungui, lakini ina pa kushika.

Sasa mwangalie yaya wangu. Yuko kwenye maegesho ya kiwanda, ndani ya gari, usiku, na sare ya kazi mwilini. Mama yake amekufa na hakuna anayemwomba hata kuchota maji. Kitu pekee ambacho dunia hii imemwachia ni simu na pesa. Basi anafanya kinachofanywa kwa simu na pesa: anaamuru na anatuma. Sanduku lenye kioo. Dawa ya mwili. Jumamosi. Mimi nilisikia amri, nikaiita kiburi cha Marekani. Sikusikia kwamba alikuwa anatafuta kazi.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja Mrundi, jirani, aliyekuja jioni ile kukaa nasi kwenye moto. Aliniuliza ndugu yangu amesema nini. Nikamjibu kwa hasira: nimezima simu. Akanyamaza muda. Halafu akasema, kwa Kiswahili chake cha polepole: "Mupe kazi."

"Kazi gani, muzee? Yuko Marekani."

"Kuna kitu anajua, wewe haujui. Mupe hicho."

Nilifikiri usiku mzima. Na kilikuwepo. Kwetu, kabla udongo haujamwagwa, mtu anasimama na kutaja majina: huyu ni mtoto wa fulani, fulani ni mtoto wa fulani, mpaka mbali. Mimi najua majina matatu. Nilivuka ziwa nikiwa mgongoni, na hata ningekuwa mkubwa, wasichana hawakukaa kwenye moto wa wazee. Yaya alikuwa na miaka kumi na moja. Alikuwa amelala miguuni mwa babu, anajua saba.

Alfajiri niliwasha simu. Kulikuwa na ujumbe mwingi, sikusoma. Nikampigia, nikamwambia: "Yaya, tunamuzika mama leo saa nane. Siwezi kungoja Jumamosi. Lakini majina sina. Ni wewe utayasema." Kwa muda sikusikia kitu. Halafu ndipo nikasikia, kwa mara ya kwanza tangu mama afe, kaka yangu analia.

Sitaki mtu afikiri kwamba kila kitu kilikwenda vizuri. Saa nane kwetu kwake ni usiku, na aliomba ruhusa ya dakika kumi na tano kutoka kwenye mashine. Kijana mmoja alishika simu juu, spika imefunguliwa. Yule mzee wa ukoo hakupenda, alisema jina la mtu halitajwi na kipande cha plastiki, lakini hakuondoka. Yaya alianza. Jina la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la tano mtandao ukakatika. Watu wamesimama, wachimbaji wameshika koleo, mawingu yanakuja. Tulingoja. Mwishoni tulianza kumwaga udongo. Akapiga tena wakati kaburi limeshajaa nusu, akasema mawili yaliyobaki, na yule mzee wa ukoo, aliyekuwa amekataa, ndiye aliyejibu kwa sauti kila jina lilipotajwa.

Mama alizikwa na kile kitenge chake cha Baraka. Sanduku lilikuwa la mbao za kawaida, fundi wa hapa kijijini alilitengeneza. Pesa ya yaya ilipofika, ilinunua chakula cha watu waliolala kilio.

Kutokana na hayo nimefikia jambo moja, na nalileta kwenu mulipime. Wajibu wa kuzika ni wa walio karibu. Hapo jirani yangu Mwislamu alikuwa sahihi, na mimi sikukosea kukataa Jumamosi. Mwili hauwezi kungoja zamu ya kiwanda. Lakini kazi katika mazishi ni haki ya kila aliyempenda marehemu, hata aliye mbali, hata aliyekosana nasi. Aliye karibu ana wajibu wa pili, mgumu kuliko wa kwanza: kutafuta kazi ya kumpa aliye mbali. Mimi nilitimiza wa kwanza na nusura niuvunje wa pili kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Na wewe uliye mbali, una wajibu pia. Usitume pesa kama mtu anayenunua kiti cha mbele. Uliza: "Nini hakijafanywa?" Labda utaambiwa utafute picha ya marehemu akiwa kijana. Labda uwapigie wale ambao hawajaambiwa. Hiyo ni kazi ya kilio kama kuchota maji.

Kwa vijana wanaosema mfu hajui kitu: labda hajui. Sibishani. Lakini ndugu aliye hai anajua kama alikuwa na nafasi au hakuwa nayo, na atabeba hilo miaka arobaini. Jeneza la kioo tunaweza kuliacha, nakubaliana nanyi. Nafasi ya mtu hatuwezi kuiacha.

Lile ombi la Baraka je? Bado linaniuma, na sitajifanya nimelimaliza. Nilimwahidi mama kwa kunyamaza kwangu, maana kila alipofungua valizi sikumwambia kwamba haitawezekana. Kitu kimoja kinanipa pumzi. Patrice Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961, na mwili wake ukaharibiwa kwa tindikali ili asiwe na kaburi. Kilichobaki ni jino moja, na lilikaa Ubelgiji. Mwezi Juni 2022 jino hilo lilirudishwa kwa watoto wake, likawekwa ndani ya sanduku, likapelekwa Sankuru alikozaliwa, Kisangani, na Katanga alikouawa, ndipo likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Miaka 61. Watu walibeba lile sanduku mabegani kana kwamba lina uzito wa mtu mzima. Basi deni la maziko linaweza kucheleweshwa bila kufa, mradi kuna mtu anayekumbuka ni nani anadaiwa, na wapi.

Hapo ndipo penye hofu yangu ya kweli. Kambi zinafungwa. Lugufu ilifungwa mwaka 2009, Mtabila mwaka 2012. Watu walihamishwa au walirudi kwao, makaburi yalibaki. Hapa kwetu mvua mbili zinatosha kulainisha kilima cha udongo, na msalaba wa miti unaliwa na mchwa kabla mtoto hajamaliza shule ya msingi. Tukiondoka kesho, nani atajua kwamba mama yangu yuko mstari gani?

Kwa hiyo nimempa yaya kazi nyingine. Mimi natembea makaburini siku za Jumapili baada ya ibada, nauliza majirani, nahesabu kutoka kwenye mti mkubwa. Yeye anaandika kule kwake, mahali ambapo karatasi hailowi: jina la marehemu, kijiji alichotoka, mwaka, amelala kati ya nani na nani. Ameanza na watu wetu, lakini watu wetu wamelala pamoja na Warundi, na huwezi kuandika mmoja ukamruka mwingine. Majina saba ya ukoo ameniandikia pia. Binti yangu ana miaka tisa, ameshika matano.

Ndugu zetu wa mashirika, mnaposaidia mbao na sanda tunashukuru, kwa sababu familia nyingi hazina hata hilo. Tunaomba muongeze swali moja tu kwenye fomu zenu: nani wa marehemu hayupo, na anaweza kufanya nini? Mkiwa na ramani ya makaburi, tusaidieni kuitunza. Na wewe msomaji, kama una mtu wako pale, njoo Jumapili utuonyeshe, tukuandikie.

Juzi yaya alinitumia ujumbe kutoka kwenye mapumziko yake ya dakika kumi na tano. Hakuuliza habari za pesa wala za sanduku. Aliuliza kaburi lililo kushoto kwa mama ni la nani, maana kwenye daftari ameacha mstari mtupu. Sikujua. Nilikwenda jioni kuuliza, na bado nauliza.